Sanduku la Maswali: Dini ya Jirani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu ataisomaje dini isiyo yake, na ataketi vipi na wenye dini hiyo bila kukosana nao na bila kuikana yake? Tumechagua nane. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Nina miaka 22, nimelelewa katika kanisa la Kipentekoste. Nataka kuzijua dini kubwa za dunia, lakini kila nikifungua simu nakutana na mihadhara ya watu wanaorushiana aya. Nianzie wapi? (Msomaji, Umoja)

Mihadhara iweke kando kwanza. Wahubiri wale si wajinga. Wapo waliohifadhi Biblia na Kurani kuliko wahadhiri wa chuo. Ila mhadhara ni shindano, na shindano linataka mshindi. Aya inachomolewa mahali pake, inagonganishwa na nyingine, umati unapiga makofi, kila mtu anarudi kwake na aliyokuja nayo. Utatu usijifunze kwa Mwislamu aliye jukwaani, wala jihadi kwa mchungaji aliye jukwaani.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo shika dini mbili tu: yako, na nyingine moja ambayo wafuasi wake unawafikia kwa matatu moja. Kwako wewe Uislamu ndio ulio karibu, pale Eastleigh na Pumwani. Tunasema "yako" kwa sababu wengi hukwama hapo. Ukiulizwa kwa nini Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73 na ya Waprotestanti 66, utajibu nini? Mtu asiyeweza kueleza ya kwao huwa mkali mapema, na ukali ule mara nyingi ni aibu tu.

Tafuta daftari uligawe sehemu saba. Mpango huu ni wa Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, mwaka 1967. Sehemu zenyewe ni ibada na desturi, masimulizi, mang'amuzi ya kiroho ya waumini, mafundisho, maadili na sheria, jumuiya na uongozi wake, halafu vitu vya kuonekana kama majengo, mavazi na sanaa. Mkristo, hasa Mprotestanti, hukimbilia sehemu ya mafundisho akauliza "wanaamini nini?", kisha akadhani amemaliza. Lakini Myahudi anaweza kuishika Sabato sawasawa na asikupe orodha ya imani, na Wahindu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na miungu tofauti ya kuabudu bila ugomvi wowote. Sehemu nyingine sita ndizo zitakazokufungulia mlango.

Jaza mambo mahususi. Usiandike "Waislamu hutoa sadaka". Andika kwamba zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyotimiza mwaka na kufikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho kwa dhahabu ni gramu 85 hivi, na kwamba sadaka ni jambo jingine, la hiari. Andika swala tano kwa majina na nyakati zake. Ukifanya hivyo utaanza kuuliza maswali ambayo Mwislamu mwenyewe atafurahi kuyajibu.

Kosa linalorudi kila mara ni kupima dini nyingine kwa vipimo vya kwenu. "Mwokozi wa Wabuddha ni nani?" ni swali lisilo na mahali pa kukaa. Afadhali uulize: dini hii inasema binadamu ana shida gani, na dawa yake ni ipi? Mkristo atasema dhambi na wokovu. Mwislamu atazungumzia kughafilika, na uongofu unaomrudisha mja kwa Mola wake. Mbuddha ataanza na mateso na tamaa inayoyazaa, kisha Njia yenye sehemu nane. Msikh atataja umimi unaomtenga mtu na Mungu. Hapo utaona kwamba dini hazitoi majibu tofauti ya swali moja. Mara nyingi maswali yenyewe ndiyo tofauti.

Saa tatu za kusoma kwa wiki zinatosha. Kila mwisho wa mwezi mpelekee daftari mfuasi wa dini hiyo akusahihishe kwa kalamu nyekundu. Wilfred Cantwell Smith, msomi wa Kanada, aliweka kipimo kikali: ulichoandika kuhusu imani ya watu, wenyewe wakishindwa kujitambua ndani yake, kina kasoro. Kipimo hicho kina mipaka, maana mwanahistoria huweza kusema kweli ambayo muumini haipendi. Kwa mwanafunzi anayeanza, hata hivyo, ndicho bora.

SWALI: Mimi ni Mkatoliki. Nimeona tafsiri kadhaa za Kurani kwa Kiswahili madukani. Nichukue ipi? Na rafiki yangu Mwislamu aanze wapi katika Biblia? (Msomaji, Kariobangi)

Usinunue kabla ya kuangalia jina la mfasiri na tanbihi zake, kwa kuwa kila mfasiri alikuwa na anayejibizana naye. Ya kwanza kamili ni ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana wa Zanzibar, iliyotoka 1923. Maelezo yake yaliandikwa kwa ajili ya Wakristo, tena kwa nia ya kuupinga Uislamu. Ya 1953 ni ya jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo Waislamu wengi hawaikubali. Ndipo akaja Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, na Qurani Takatifu yake iliyochapishwa hapa Nairobi 1969 na Islamic Foundation. Humo utamkuta akiwajibu Waahmadiyya waziwazi. Ya Ali Muhsin al-Barwani ni ya 1995. Kwa msomaji mgeni tunapendekeza al-Farsy kwa sababu ya maelezo yake, na al-Barwani pembeni uone mahali wanapotofautiana.

Usianze ukurasa wa kwanza ukaenda mbele kama hadithi. Sura 114 hazikupangwa kwa tarehe. Baada ya al-Fatiha, kwa jumla ndefu zimetangulia, na al-Baqara peke yake imewachosha wengi wakaiacha safari. Anza na Maryam, sura ya 19 yenye aya 98, kisha Yusuf, ya 12 yenye aya 111. Hao unawajua, kwa hiyo utaona upesi masimulizi yanapokutana na yanapoachana. Mariamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani nzima. Wakatoliki wengi hawalijui hilo.

Ukiwa na nakala yenye Kiarabu ndani, usiiweke sakafuni wala chini ya vitabu vingine. Mwenye nayo akikuambia haishikwi bila udhu, usibishane; mwombe tafsiri tupu.

Rafiki yako aanze na Marko, injili fupi kuliko zote, sura 16, kisha Luka na Matendo ya Mitume mfululizo. Biblia ya Union Version ya 1952 ndiyo inayonukuliwa zaidi makanisani, lakini Habari Njema ni nyepesi kwa mgeni. Mtahadharishe kwamba hatakuta kitabu kimoja alichoteremshiwa Yesu, kama Kurani inavyoitaja Injili. Atakuta watu wanne wakimsimulia. Asipoambiwa mapema, atadhani kafichwa kitu.

SWALI: Ni mwalimu wa sekondari. Nataka kuwapeleka wanafunzi 40 waone nyumba za ibada za dini mbalimbali kwa Jumamosi moja. Nipange vipi? (Mwalimu, Kasarani)

Mwalimu, Jumamosi moja haitoshi, na Jumamosi yenyewe ina kasoro: ni siku ya ibada kwa Wayahudi na Waadventista. Gawa safari mara mbili, nyumba mbili kila siku, dakika 45 mpaka saa moja kwa kila nyumba. Ya tatu siku hiyo hiyo wanafunzi huwa wanaangalia viatu vyao tu.

Siku ya kwanza iwe ya katikati ya jiji: Holy Family Basilica na Msikiti wa Jamia, Banda Street, mwendo wa miguu. Epukeni Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Siku ya pili nendeni Ngara na Forest Road ya zamani, ambako pana gurudwara za Wasikh, wale tuliozoea kuwaita Kalasinga, na hekalu la Kihindu la Swaminarayan lililofunguliwa 1999. Sinagogi ya University Way iombewe ziara ya peke yake, siku isiyo Jumamosi wala sikukuu, na tarajia kuulizwa majina na vitambulisho mapema kwa sababu ya usalama.

Andika barua wiki tatu kabla. Taja idadi, umri, jinsia, muda mtakaokaa, na maswali matatu ambayo wanafunzi wangependa yajibiwe. Barua isemayo "tunakuja kujifunza kuhusu dini yenu" hupata mwenyeji anayesoma historia kwa saa nzima. Barua yenye maswali hupata mazungumzo. Piga simu tena siku mbili kabla ya safari. Hekaluni uliza hasa saa za kutazama madhabahu, maana mchana pazia hufungwa ili miungu ipumzike, na shule zinazofika saa saba hukuta pazia limeshafungwa.

Mavazi: sketi za shule zinazoishia magotini hazitoshi msikitini wala hekaluni. Beba leso ishirini na vitambaa vya kichwa. Katika gurudwara kila mtu hufunika kichwa, wavulana pia, na kofia ya besiboli haikubaliki, kitambaa kifungwe. Viatu vinavuliwa kote huko isipokuwa kanisani na sinagogini, kwa hiyo waambie wavae soksi safi na kila mmoja awe na mfuko wa viatu, la sivyo mtapoteza nusu saa mkitafutana. Ukiongeza hekalu la Wajaini, wafuasi wa dini ya asili ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, mikanda na pochi za ngozi zibaki kwenye basi. Sigara na miraa zisiwe hata mfukoni mwa dereva atakayeingia gurudwara.

Ndani ya msikiti wasipite mbele ya anayeswali. Katika gurudwara wakae chini, miguu isielekezwe kwenye Guru Granth Sahib, kitabu cha kurasa 1,430 ambacho Wasikh wanakiheshimu kama Guru, yaani mwalimu, aliye hai. Kanisani wasio Wakatoliki hawapokei komunyo. Wabaki kwenye viti. Simu zizimwe kote. Picha moja ya mtu anayesali ikifika TikTok, mlango ule umewafungia na shule zitakazofuata.

Sasa chakula, ambacho walimu wengi hawakifikirii mpaka sahani ziko mbele yao. Hekaluni mtapewa prasadi, chakula kilichokwisha kutolewa kwa mungu. Wanafunzi Waislamu na Wakristo wengi hawatakila, na Mkristo ana Wakorintho wa Kwanza sura ya 8 na ya 10 za kufikiria. Katika gurudwara mtapewa vitu viwili: karah prasadi, uji mzito mtamu wa ngano, samli na sukari unaopokelewa kwa mikono miwili baada ya ibada, na langari, mlo wa wote wanaokaa sakafuni bila kujali cheo wala dini. Waliosafiri barabara ya Mombasa wanaujua mlo huo kwa gurudwara ya Makindu iliyojengwa 1926. Langari wengi hula bila wasiwasi. Prasadi ni uamuzi wa kila mtu na wazazi wake. Mweleze mwenyeji mapema. Anayekataa aunganishe viganja, ainamishe kichwa kidogo, basi. Asipokee kisha akatupa nje; hilo ndilo linaloudhi. Na langarini chukua unachoweza kumaliza.

Fomu ya mzazi iseme wazi kwamba wanafunzi wanatazama na hawaabudu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 32(4), inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake. Hiyo inamhusu pia mwalimu anayesema "sote tupige magoti kidogo kwa heshima".

SWALI: Chama cha wakazi wa mtaa wetu kinataka kuandaa mlo wa pamoja wa watu 60 wa dini zote. Tumekubaliana nyama iwe halali, je, inatosha? (Mwenyekiti, South C)

Haitoshi, Mwenyekiti. Msikh aliyebatizwa kwa amriti, maji matakatifu yaliyotiwa sukari, haruhusiwi nyama iliyochinjwa kwa taratibu za kidini, kwa hiyo halali yenu ndiyo haramu yake. Mhindu hatagusa ng'ombe, Mjaini hatagusa nyama yoyote wala mayai, na Mwethiopia wa Kanisa la Othodoksi Jumatano na Ijumaa hali kitu chochote cha mnyama, maziwa na siagi vikiwemo.

Pikeni bila nyama, na mambo yataisha. Kwa watu 60: mchele kilo 9, ndengu kilo 6, chapati 120 zitakazokula pakiti nne au tano za unga wa kilo mbili, kachumbari na matunda. Tumieni mafuta ya mimea. Sufuria moja ndogo ya ndengu ipikwe bila kitunguu, saumu, tangawizi wala kitu chochote kilichochimbwa ardhini. Nyanya, pilipili mbichi, dania na bizari nyembamba zinatosha. Hiyo ni ya Wajaini, na wao hawali baada ya jua kuchwa. Hapo ndipo penye kazi mkiandaa katika Ramadhani: Waislamu wanafungua saa kumi na mbili na nusu hivi jioni, wakati Wajaini wameshamaliza kula. Wapeni Wajaini chakula saa kumi na moja, bila kuwatenga chumba kingine.

Sufuria ziwe hazijapikiwa nguruwe. Kama hamna uhakika, kodisheni au azimeni mahali mnapopajua. Myahudi anayeshika koshere, sheria za chakula za dini yake, atakula tunda zima na maji ya chupa, msimsihi. Na andikeni kadi mbele ya kila chombo kuonyesha kilichomo. Kadi hiyo itawapunguzia maswali kuliko hotuba yoyote ya umoja.

SWALI: Tulianzisha kundi la vijana Waislamu na Wakristo. Kikao cha kwanza kilikuwa kizuri. Cha pili tulijadili kama Yesu ni Mungu. Cha tatu alikuja mlinzi wa ukumbi tu. Tulikosea wapi? (Dada, Kibera)

Mlirukia mlango wa mwisho. Waraka wa Vatikani wa 1991 kuhusu mazungumzo na utangazaji unataja aina nne: mazungumzo ya maisha, ya matendo, ya kiteolojia, na ya mang'amuzi ya kiroho. Ile ya kiteolojia waraka unawapa wataalamu, na kwa sababu nzuri. Uungu wa Yesu ni swali lililowagawa Wakristo wenyewe hata wakaita Mtaguso wa Nikea mwaka 325. Vijana wa Jumamosi alasiri hawataumaliza kabla ya chai.

Chukueni mada ambayo kila upande una mengi ya kusema na hakuna wa kushinda. Mazishi yanafaa sana Nairobi. Waislamu huzika upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwa sanda ya vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke. Wakristo wengi huweka mwili mochari, huchangisha, husafirisha nyumbani mashambani. Wahindu huchoma. Profesa Wangari Maathai alipochomwa katika tanuri la maiti la Kariokor mwaka 2011 kwa wasia wake, mjadala ulizuka nchi nzima, na wengi walizungumza kama vile tanuri lile halijakuwepo mjini. Muulizane: nani anaosha maiti kwenu? Nani anakatazwa? Gharama ni ya nani? Mtafika kwenye ufufuo na akhera bila kusukumana, maana maswali hayo yanaelekea huko yenyewe. Mada nyingine za namna hiyo ni kufunga, kumpa mtoto jina, deni na riba, na kelele za vipaza sauti, ingawa hii ya mwisho iacheni mpaka mjuane.

Idadi iwe 12 hadi 16, pande sawa, waendeshaji wawili, mmoja kila upande. Mkiwa 30 wanaongea watano. Dakika 90 zigawanywe hivi: salamu kumi, wawili wa kila upande waeleze ya kwao kwa dakika tano kila mmoja, kisha zoezi la kurudisha, ambapo kila msikilizaji anasema alichosikia mpaka msemaji akiri "ndivyo nilivyosema". Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini msiliruke. Hapo ndipo watu hugundua kwamba walisikia walichotarajia. Maswali yapate nusu saa au zaidi, na muda unaobaki ni wa kupanga kazi ya pamoja.

Maswali yaulize desturi ya mtu aliye mbele yako. "Wewe unapofunga, saa ngapi ni ngumu?" ni swali. "Mbona dini yenu inaruhusu…" ni mashtaka yaliyovaa alama ya kuuliza. Askofu Krister Stendahl wa Stockholm alitoa kanuni tatu mwaka 1985 wakati watu walipopinga ujenzi wa hekalu la Wamormoni: ukitaka kuielewa dini waulize wafuasi wake wala si maadui zake; usilinganishe mazuri yako na mabaya yao; na acha nafasi ya wivu mtakatifu, yaani kuona kwa wenzako kitu ambacho ungetamani kiwe kwenu. Zibandikeni ukutani. Ya pili ndiyo inayovunjwa zaidi: upande huu unaleta Mama Teresa, upande ule unapachikwa al-Shabaab.

Sala ya kufungulia kikao ina hatari yake, kwa kuwa Nairobi hata mkutano wa maji taka hufunguliwa kwa sala. Mtu akisema "katika jina la Yesu", nusu ya ukumbi haiitikii amina na kikao kimechafuka kabla ya kuanza. Msitunge sala ya kuchanganya majina ili kila mtu aridhike kidogo. Ama dakika moja ya kimya, ama kila upande uombe kwa maneno yake huku wengine wakisikiliza tu. Papa Yohane Paulo II alipowaalika viongozi wa dini Assisi tarehe 27 Oktoba 1986 alifuata mpango wa namna hiyo: walikuja pamoja ili kuomba, lakini kila dini iliomba kivyake.

Kuhubiriana ili kumgeuza mwenzako kupigwe marufuku ukumbini, kwa maandishi. Nje kila mtu ana haki yake ya kikatiba, na si vizuri kujifanya haipo. Panga saa isiyogonga Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na magharibi ikiingia pawe na mahali pa kuswali.

La mwisho ni nauli. Makundi mengi ya jijini hukusanyika kwa posho ya mfadhili, na posho ikikauka udugu nao unakauka. Anzeni bila posho, mahali panapofikika kwa miguu.

SWALI: Mchungaji wetu anasema mazungumzo ya dini ni njia ya kuchanganya dini ziwe moja. Ana haki? (Msomaji, Donholm)

Hofu yake ina historia hapa hapa Nairobi. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilipofanya mkutano wake mkuu wa tano KICC, Novemba na Desemba 1975, watu wa dini nyingine walialikwa kama wageni, na jambo la mazungumzo lilizua ubishi mkali: wajumbe kadhaa waliogopa huo ungekuwa mseto wa imani. Ubishi huo uliendelea Chiang Mai, Thailand, 1977, na miongozo ikatolewa 1979. Kwa hiyo msimcheke mchungaji wenu.

Hata hivyo, angalieni nyaraka zenyewe. *Nostra Aetate* ya Kanisa Katoliki, tarehe 28 Oktoba 1965, inasema Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na papo hapo inasema ni lazima limhubiri Kristo. Barua ya wanazuoni 138 wa Kiislamu kwa viongozi wa Wakristo, Oktoba 2007, imesimama juu ya kumpenda Mungu na jirani, na ndani yake tauhidi, imani kwamba Mungu ni mmoja tu, haijalegezwa hata kidogo. Mazungumzo mazuri huonyesha tofauti kwa usahihi zaidi. Kikao kinachomalizika kwa "kumbe sote ni wamoja" huenda hakikusikilizana vizuri.

SWALI: Kila kitabu cha "dini kubwa" kinataja Uhindu, Ubuddha, Uyahudi, Ukristo, Uislamu. Dini za wazee wetu ziko wapi? (Mzee, Dagoretti)

Zimeachwa kwa sababu vitabu hivyo hupenda dini zenye kitabu, mwanzilishi na tarehe. Katika sensa ya 2019 Wakenya 318,727 walijiandikisha kuwa wa dini za jadi, zaidi ya mara tano ya Wahindu, na hiyo haihesabu Wakristo na Waislamu wanaoshika sehemu ya mila hizo.

John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani, aliufungua uwanja huu kwa Kiingereza mwaka 1969 kwa kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Okot p'Bitek wa Uganda, aliyefundisha Nairobi, alimpinga yeye na wenzake kwamba wameivika miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Wakristo. Wasome wote wawili. Sisi tunaona p'Bitek ana hoja nzito zaidi kuhusu njia ya utafiti, ingawa Mbiti ndiye aliyekusanya mengi.

Anayetaka kujifunza kwenu, Mzee, asiandike "Waafrika wanaamini". Aandike ni wazee gani, wa jamii gani, wa wapi, na mwaka gani. Awaulize zaidi ya mmoja, maana mapokeo ya Ngai (Mungu) na Kirinyaga (Mlima Kenya) au ya mti mtakatifu wa mugumo hutofautiana ukivuka mto mmoja. Kinasa sauti kisitoke mfukoni kabla ya ruhusa. Anayeweza kufika Pwani atembelee misitu mitakatifu ya kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kaya Kinondo, Kwale, hupokea wageni: unavishwa kitambaa cheusi, unafuata mwongozaji, na hutoki na hata jani moja.

SWALI: Nataka kusomea haya rasmi. Niende wapi? (Msomaji, Rongai)

Chuo Kikuu cha Nairobi na Kenyatta vina idara za falsafa na masomo ya dini. Tangaza, Lang'ata, ina taasisi ya mazungumzo baina ya dini na masomo ya Kiislamu. Chuo Kikuu cha St Paul's kina kituo cha mahusiano ya Wakristo na Waislamu, kilichoko Eastleigh kwenyewe. Hivi viwili vya mwisho ni vya makanisa, jambo ambalo halivipunguzii thamani, ila uliza kabla ya kulipa: somo la Uislamu linafundishwa na Mwislamu au na Mkristo? Kiarabu kimo katika kozi, na kwa mihula mingapi? Kuna kazi ya uwanjani inayohesabiwa alama, au ni ziara moja ya picha? Omba kuona silabasi yenyewe. Ikiwa Uhindu, Ubuddha na Usikh vimefungwa pamoja katika wiki mbili, ujue hiyo ni kozi ya dini mbili, hata kama jina lake linasema dini za dunia.